Peleti Zikivunjika, Weka Spana Chini Kwanza

Mashine ndogo ya peleti (vipande vidogo vya chakula cha mifugo kilichobanwa), ile ya dai bapa, yaani sahani nene ya chuma yenye matundu, yenye rola mbili juu yake, ikianza kutoa peleti zinazomong'onyoka, waendeshaji wengi hukimbilia spana. Boliti za rola zinakazwa, zinalegezwa, zinakazwa tena, na gunia bado linajaa chenga na vumbi. Sisi tunaotengeneza chakula cha kuku kwa mashine hizi tumejifunza kuanzia upande wa pili: mashine haiwezi kubana kitu kisichobanika. Kabla ya kugusa chuma, kagua unga uliomo kwenye hopa, chombo cha juu kinacholisha mashine.

Wataalamu wa vyakula vya mifugo wana mgawanyo wanaoutaja sana kuhusu kinacholeta ubora wa peleti: mchanganyiko wa malighafi 40%, usagaji 20%, kulowanisha na kupasha unga joto 20%, dai 15%, upoozaji 5%. Ni makadirio ya jumla, hayatabiri kila mashine, lakini yanalingana na tunayoyaona kazini. Asilimia 80 ya kazi imekwisha kufanyika, vizuri au vibaya, kabla unga haujakutana na rola.

Peleti yenyewe inaeleza

Chukua peleti ishirini hivi zilizokwisha poa, zitandaze juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, zitazame moja moja kisha uzivunje kwa vidole. Nyufa hazitokei ovyo.

Peleti iliyojipinda kama ndizi, na nyufa ziko upande wa nje wa mkunjo tu, haikukatwa, imevunjwa. Kisu kiko mbali na dai au kimekuwa butu, kwa hiyo peleti inarefuka, inasukumwa na kisu, inapinda, inakatika. Noa kisu na ukisogeze. Kwa kuku, urefu wa peleti uwe sawa na kipenyo chake hadi mara moja na nusu. Peleti ya milimita 4 isizidi milimita 6 hivi. Hili ndilo kosa rahisi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kwa sababu kisu kiko chini ya dai, mahali ambapo hapachunguliwi.

Nyufa zinazokatiza peleti kwa upana maana yake kuna nyuzi ndefu ndani. Mashudu ya alizeti yenye maganda mengi au majani makavu yasiyosagwa vizuri hubanwa ndani ya tundu, yakitoka hujinyoosha, na peleti inaachana vipande. Saga laini zaidi, na kama bado, dai yako ni nyembamba mno kwa malighafi hiyo.

Nyufa za kwenda na urefu wa peleti ni za unga mwepesi unaofumuka baada ya kutoka kwenye tundu, au unga wenye maji mengi. Hapo unapunguza maji, kisha unaupa unga muda wa kuyanywa kabla ya kuulisha mashine.

Nyufa zinazotawanyika pande zote kutoka sehemu moja: ivunje hapo katikati, utakuta kipande cha hindi au cha ganda ambacho hakikusagika. Chembe kubwa haibanani na wenzake. Usihangaike na mashine ya peleti. Nenda ukakague chekeche la mashine ya kusaga. Tundu moja lililotoboka kwenye chekeche linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Uso wa mabonde na vilima ni chembe nyingi ngumu ambazo hazikulainishwa na joto wala maji. Peleti inayong'aa, nyeusi kuliko unga wake, ngumu kama ya kuungua na yenye harufu ya moto, imetokana na unga mkavu au dai nene kupita kiasi. Iliyofifia, laini, inayoacha unga mkononi, ina maji au mafuta mengi, au haikubanwa. Nywele nywele juu ya peleti ni tatizo la viwanda vyenye boila, pale mvuke mwingi unapochomoka kwenye peleti. Mashine zetu ndogo hazina mvuke wa kufanya hivyo.

Maji

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Unga wa kawaida uliokaa stoo una unyevu wa 10 hadi 12%. Kwa mashine ndogo isiyo na mvuke, tunalenga 14 hadi 16% wakati unaingia kwenye dai. Ukiwa chini ya hapo, wanga haulainiki, unga unakwaruza matundu, dai inapata moto, matundu yanaziba, na kinachopita kinatoka vumbi. Ukizidi 18%, unga unageuka tope, rola zinateleza juu yake bila kuusukuma, na ghafla mashine inakaba.

Maji usiyakadirie kwa kikombe. Hesabu ni hii: kilo za unga, zidisha kwa tofauti kati ya unyevu unaotaka na uliopo, kisha gawanya kwa 100 ukitoa unyevu unaotaka. Unga kilo 100 wenye 11%, unaoutaka 15%: 100 × 4 ÷ 85, yaani lita 4.7. Watu wengi huweka lita 4 wakidhani asilimia nne ni lita nne. Wanaishia kwenye 14.4%.

Unyevu uliopo unaupimaje? Pima gramu 100 za unga kwa mzani wa jikoni, tandaza kwenye sinia, weka ndani ya oveni ya nyuzi 105, pima kila nusu saa mpaka uzito uache kushuka. Gramu zilizopotea ndiyo asilimia ya unyevu. Kipimo cha unyevu wa mahindi kimetengenezwa kwa punje nzima, usikitumie kwa unga. Njia ya mkono inafaa kama ya kukagua kwa haraka tu: finyanga unga kiganjani, fungua. Ukishikana, ukavunjika vipande viwili vitatu unapougusa kwa kidole, na kiganja kikabaki kikavu, uko karibu. Ukimwagika, ni mkavu. Ukiacha unyevu kiganjani, umezidisha.

Nyunyiza huku unachanganya, usimwage. Bomba la mgongoni linafaa sana, mradi lisiwe limewahi kubeba dawa ya aina yoyote. Nunua jipya, liandike kwa rangi. Ukimaliza, funika unga kwa turubai dakika 20 hadi 30. Maji yanahitaji muda kuingia ndani ya chembe. Unga uliolowana nje ukabaki mkavu ndani hukupa peleti zinazoteleza kwenye dai na kupasuka kwenye gunia.

Pumba iliyokaa Dodoma mwezi wa Septemba na pumba iliyokaa Tanga wakati wa masika si kitu kimoja, hata zikitoka kinu kimoja. Kiasi cha maji kilichofaa mwezi uliopita kinaweza kisifae leo. Kila shehena mpya ipimwe.

Kama una sufuria kubwa na jiko, tumia maji ya moto ya nyuzi 80 na kuendelea. Viwanda vyenye mvuke hupasha unga mpaka nyuzi 70 hadi 85 kwa sababu joto pamoja na maji ndivyo vinavyolainisha wanga hadi ukanata. Lita tano za maji ya moto hazitafikisha kilo 100 za unga kwenye joto hilo, ila zinasaidia, hasa asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru.

Kilichomo ndani ya mchanganyiko

Wanga unanata, mafuta yanatelezesha, chokaa na mchanga havinati na vinakula chuma. Chakula cha kuku wa mayai ni kigumu kubana kuliko cha kuku wa nyama kwa sababu kina chokaa nyingi, karibu kilo 8 kwenye 100. Ukijaribu mashine mpya, usianze na hicho.

Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi, na kiwango hubadilika kati ya mkamuaji na mkamuaji. Yafinye kwenye karatasi ya daftari kwa dakika moja: doa kubwa linalopenyeza mwanga linakuonya. Mafuta ya kuongeza kwa mkono kwenye unga yasizidi kilo 2 kwa 100. Kama fomula inadai zaidi, kinachobaki kipulizwe juu ya peleti zilizokwisha toka.

Kinachosaidia kushika ni unga wa muhogo mkavu. Toa kilo 5 za pumba kwenye kilo 100, weka kilo 5 za muhogo, utaona tofauti siku hiyohiyo. Lakini muhogo una protini kidogo sana, hivyo badiliko hilo linashusha protini ya chakula kwa karibu nusu asilimia. Rudisha kwa kubadilisha kilo moja hadi moja na nusu ya pumba kwa mashudu ya soya. Anayekuuzia wazo la kuongeza muhogo bila kukutajia hili hajali kuku wako watataga nini. Molasi kilo 3 kwa 100, ikiyeyushwa kwenye yale maji ya moto, nayo hushika. Ikizidi hapo inagandisha unga kwenye hopa.

Dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa chini kwenye mchanga huja na mchanga wao. Weka konzi ya dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Mchanga utatua chini na utauona. Dagaa wa namna hiyo unawalipa mara mbili: kwenye mzani, kwa kuwa mchanga ni mzito, halafu kwenye dai, kwa kuwa mchanga unapanua matundu. Lipa zaidi kidogo upate walioanikwa kwenye vichanja. Weka pia sumaku kwenye mdomo wa hopa. Msumari mmoja unatosha kung'oa meno ya rola.

Usagaji nao una kanuni yake: chembe kubwa kuliko zote isizidi nusu ya kipenyo cha tundu la dai. Kwa dai ya milimita 4, chekeche la milimita 3 kwa kawaida hutoa unga unaofaa, kwa sababu chembe nyingi hutoka ndogo kuliko tundu la chekeche. Kwa peleti za vifaranga za milimita 2.5, shuka hadi chekeche la milimita 2. Nyundo za mashine ya kusaga zikilika kona moja, zigeuze.

Sasa chuma

Ukishahakikisha unga, ndipo ufungue mashine. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe peke yake.

Anza na pengo kati ya rola na dai. Tunataka milimita 0.1 hadi 0.3. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo ndiyo kipimo chako: ipitishe chini ya rola zote mbili, kila rola pande zote mbili, ya ndani na ya nje. Iteleze kwa kugusa. Njia nyingine ni kuzungusha dai kwa mkono: rola izunguke sehemu fulani na kuacha sehemu nyingine, kwa sababu hakuna dai iliyo bapa kabisa. Ikizunguka muda wote umekaza mno, chuma kinapiga chuma, na midomo ya matundu inafungwa kwa kugongwa. Isipozunguka kabisa, unga utajitandaza kama zulia na rola zitateleza juu yake. Boliti za kulia na kushoto zikazwe sawa; rola iliyoinama hutoa peleti nzuri upande mmoja wa dai na unga mtupu upande wa pili.

Halafu dai. Nguvu ya kubana inatokana na urefu wa tundu ukigawanya kwa kipenyo chake. Dai ya tundu la milimita 4 yenye unene wa milimita 24 ina uwiano wa 6. Lakini geuza uangalie chini: dai nyingine matundu yake yamepanuliwa upande wa kutokea, na sehemu iliyopanuliwa haibani. Ikiwa milimita 8 zimepanuliwa, dai hiyo ya 24 inafanya kazi kama ya 16, uwiano 4. Wauzaji hutaja unene tu. Pumba nyingi na mashudu yenye mafuta yanadai uwiano mkubwa. Mahindi na muhogo vinaridhika na mdogo. Ukiwa na dai moja tu, rekebisha mchanganyiko uifuate dai, kwa sababu kinyume chake hakiwezekani bila kununua nyingine.

Dai mpya haiko tayari kazini. Matundu yake yana mikwaruzo ya kekee. Changanya pumba laini kilo 8, mchanga laini uliochekechwa kilo 1 na mafuta ya kula lita 1, pitisha, chukua kinachotoka, vunja, pitisha tena, huku ukiongeza mafuta mchanganyiko ukikauka. Endelea nusu saa hadi saa moja, mpaka peleti zitoke matundu yote zikiwa na uso laini. Kisha pitisha pumba yenye mafuta bila mchanga ili kusafisha. Hayo yote yatupwe, kuku wasipewe. Na usitumie oili ya gari, hata kwa kusugulia tu, kwenye mashine itakayotengeneza chakula.

Ndoo ya kwanza kila asubuhi ni ya kupasha dai joto, haiendi kwenye gunia. Dai baridi haitoi peleti hata unga uwe mzuri namna gani. Kilichotoka kirudishwe kwenye hopa kidogo kidogo. Baada ya hapo, ulishaji ndio unaoamua. Mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu huvuta karibu ampea 15 ikiwa na mzigo wote. Weka amita, ongeza unga taratibu mpaka ifike 12 au 13, na ubaki hapo. Ukilisha kidogo, zulia la unga juu ya dai linakuwa na mapengo na peleti zinatoka fupi, zisizolingana. Ukilisha kwa kumwaga beseni zima, unakaba. Mkanda uliolegea hudanganya: amita inasoma chini, mota inaimba vizuri, lakini dai imepunguza mwendo.

Matundu yakiziba, loweka dai kwenye mafuta usiku kucha, kisha sukuma moja moja kwa chuma chembamba kuliko tundu, ukigonga kutoka upande wa kutokea. Kekee ya ukubwa uleule wa tundu itakwaruza ulichokisugua kwa saa nzima. Moto wa gesi unaharibu ugumu wa chuma, usiuguse.

Beringi za rola zipate grisi ya kuhimili joto kubwa kila baada ya saa nne hadi nane za kazi, kufuatana na joto. Rola isiyozunguka haisukumi unga, inaukwangua tu, na dalili yake ni ileile ya pengo kubwa. Ndiyo maana wengine hukaza boliti wakati ugonjwa uko kwenye beringi.

Baada ya dai

Peleti hutoka za moto na laini. Gunia likijazwa hapohapo, mvuke unaganda ndani yake, peleti zinalegea, na kwa siku chache ukungu unaingia, ukiwamo ule wa sumukuvu. Tandaza unene wa sentimita 3 hadi 5 juu ya wavu ulioinuliwa, kivulini, feni ikipuliza kutoka chini au pembeni, na ugeuze kwa reki ya mbao. Jua kali la moja kwa moja au feni kali juu ya peleti za moto sana hukausha ganda la nje wakati ndani bado kubichi. Nyufa zinakuja baadaye, stoo, na lawama inaangukia dai. Fungasha joto lake likiwa limezidi la hewa kwa nyuzi 3 hadi 5 tu, na unyevu usiozidi 13%.

Kisha pima, usibahatishe kwa macho. Kipimo kinachotumika viwandani, kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Kansas State huko Marekani, huzungusha gramu 500 za peleti zilizochekechwa ndani ya kisanduku kwa dakika 10, mizunguko 50 kwa dakika, kisha huchekecha tena na kupima zilizobaki nzima. Zikibaki gramu 450, uimara ni 90%. Nyumbani, ndoo ndogo yenye kifuniko na nati tano ndani yake, ikibingirishwa sakafuni kwa muda uleule kila mara, inakupa namba yako mwenyewe. Haitalingana na ya kiwandani, ila itakuambia kama ya leo ni bora kuliko ya jana. Badilisha jambo moja tu kati ya kipimo na kipimo. Ukiongeza maji, ukakaza rola na kubadili chekeche kwa pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi.

Kabla ya kuzima jioni, pitisha kilo mbili za pumba iliyochanganywa na mafuta ya kula ili matundu yalale na kitu laini. Unga wa kawaida ukiachwa humo huoka kwa joto la dai, unakuwa mgumu, na maji yake yanashikisha kutu.

Rola na dai huchakaa kwa kuzoeana. Dai ikishachimbika mfereji katikati, rola mpya zitagusa kingo tu na kuacha mfereji bila kubanwa, kwa hiyo kununua rola peke yake ni hasara. Dai ambayo matundu yake hayakupanuliwa chini unaweza kuigeuza na kutumia upande wa pili mara moja. Ikishachakaa pande zote, fundi wa mashine ya kuchonga chuma anaweza kuisawazisha, lakini kila milimita anayoiondoa inapunguza ule uwiano wa kubana. Ya 24 ikifika 20, tarajia kuongeza muhogo au kununua nyingine pamoja na rola zake.